Kipimo kilisema anasikia, daktari anasema ni kiziwi

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Kibokoni, Mombasa. Nimelifupisha kidogo, maneno ni yake:

"Assalamu alaikum daktari. Kijana wangu ana miaka miwili na miezi minne. Alipozaliwa alitiwa kidude sikioni, tukaambiwa amefaulu, anasikia. Lakini mpaka leo hageuki akiitwa, hashtuki mlango ukibamizwa, na adhana ya msikiti ulio pembeni mwa nyumba haijapata kumwamsha. Mwaka huu akafanyiwa kipimo kingine, akalazwa usingizi akabandikwa nyaya kichwani, tukaambiwa hakuna sauti inayofika. Damu ikapelekwa nje ya nchi. Jibu limekuja na jina la protini, otoferlini, na kwamba jeni yake ina badiliko lilelile katika nakala zote mbili. Mume wangu ni mtoto wa ami yangu. Mavyaa anasema katika ukoo wao hakujazaliwa kiziwi, basi imetoka kwangu. Dada yake mkubwa anasikia vizuri. Kipimo cha kwanza kilikosea? Protini hii ni kitu gani? Ni kosa la nani? Nimesoma kwamba China watoto kama yeye wanatibiwa wakasikia, tusubiri? Wengine wananiambia nimtie mafuta ya habasoda sikioni, na kwamba nisimfundishe lugha ya alama, atakuwa mvivu wa kusema. Nisaidie."

Wa alaikumu salaam, dada yangu. Nimeyasoma maswali yako zaidi ya mara moja, na nitayajibu yote, ila si kwa mpangilio wako. La mafuta nalimaliza hapa hapa: usimtie kitu chochote sikioni. Tatizo lake liko ndani mno, nyuma ya ngoma ya sikio, mahali ambapo tone la mafuta haliwezi kufika. Likifika pahali, litafika kwenye ngoma yenyewe na kuleta uchafu, na ukienda hospitali mtaalamu atashindwa kupima.

Sasa kipimo. Kile kidude cha siku ya kuzaliwa hakikukosea. Kinachokosewa, na hili hutokea sana, ni maneno yanayosemwa baada yake. Kidude kile hutoa mlio mdogo kisha hutega mwangwi unaorudi kutoka ndani ya sikio, kwa maana sikio zima la binadamu hutoa sauti yake lenyewe. Ili uelewe mwangwi huo unatoka wapi, twende ndani. Sauti hupiga ngoma, ngoma husukuma vijifupa vitatu, na vijifupa husukuma maji yaliyo katika mfereji mdogo uliojizungusha, uitwao koklea. Ndani ya koklea mna safu za seli zenye vinyweleo vifupi sana juu yake. Maji yakitikisika, vinyweleo huinama, na seli huamka.

Seli hizo ni za aina mbili, na hapa ndipo lilipo fumbo lako. Za nje ni kama 12,000 katika kila sikio. Kazi yao kubwa ni kukuza sauti. Hurefuka na kufupika kwa kufuata mdundo wa sauti, kwa nguvu ya protini iitwayo prestini, iliyotambuliwa mwaka 2000, na mchezo wao huo ndio unaotoa ule mwangwi. Za ndani ni chache, kama 3,500 tu. Hizo ndizo zinazozungumza na ubongo. Karibu kila kitu tunachokisikia hupita kwao. Mwanao seli zake za nje zilikuwa zikifanya kazi alipozaliwa. Kidude kikatega mwangwi, kikaupata, kikaandika "amefaulu". Hakikuwa na njia ya kujua kwamba seli za ndani zimenyamaza.

Kipimo cha pili, kile cha nyaya kichwani, hufuata habari kutoka neva ya kusikia mpaka shina la ubongo. Huko hakukuonekana kitu. Vipimo viwili vinavyopingana namna hii, mwangwi upo na shina la ubongo kimya, havimaanishi kuwa kimoja ni kibovu. Vikiwekwa pamoja vinaonyesha mahali penyewe palipokatika. Na kwa wazazi wengine mnaosoma hapa: mtoto aliyefaulu kipimo cha mwangwi lakini hageukii sauti arudishwe akafanyiwe kipimo cha pili, asiambiwe "atachangamka tu". Mtoto aliyezaliwa njiti, au aliyelazwa kwa manjano kali, afanyiwe cha pili hata kama cha kwanza amekifaulu, kwa sababu manjano kali nayo inaweza kuharibu njia ya kusikia ikaacha mwangwi mzima. Kwa hiyo si kila mwenye majibu kama ya kijana wako ana tatizo la otoferlini. Wewe umebahatika kupata jibu la damu, wengi hawalipati.

Otoferlini, basi. Ni protini kubwa, mnyororo wa karibu aminoasidi 2,000 (ndivyo vipande vinavyojenga protini), na jeni inayoitengeneza iko kwenye kromosomu ya 2. Jeni hiyo ilitambuliwa mwaka 1999 na kundi la Christine Petit wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walipokuwa wakichunguza familia za Lebanoni ambamo watoto walizaliwa viziwi kwa wazazi wanaosikia. Mwaka 2006 kundi hilohilo likaonyesha kazi yake kwa panya. Panya wasio na otoferlini seli zao za ndani zilikuwa na kila kitu: vinyweleo viliinama, umeme wa seli ulibadilika, kalsiamu iliingia. Lakini neva haikupata habari yoyote.

Kwa nini? Chini ya kila seli ya ndani mna vifuko vidogo vidogo vilivyojaa kemikali iitwayo glutameti. Neva inangoja ng'ambo ya pengo jembamba. Sauti ikija, kalsiamu huingia ndani ya seli. Kalsiamu hiyo hushikwa na otoferlini. Otoferlini huvuta kifuko mpaka ukuta wa seli na kukifungua, glutameti humwagika, neva ikashtuka, ubongo ukasikia. Fikiria feri ya Likoni. Imevuka, imefika gati la kisiwani, abiria wamesimama na mizigo yao, honi imelia. Usiposhushwa mlango wa mbele hakuna atakayeteremka, na aliye juu barabarani akiwangoja ataapa kwamba feri haikuja. Otoferlini ndiyo inayoushusha mlango ule. Honi ni kalsiamu. Kwa mwanao feri inafika kila mara, honi inalia kila mara, na mlango haushuki.

Nimelikawilia jambo hili kwa makusudi. Wazazi wengi wakisikia "kiziwi wa kuzaliwa" hudhani ndani ya sikio hamna kitu, kumekufa. Kwa mwanao si hivyo. Seli zipo. Neva ipo, na kwa kawaida ni nzima. Kilichopungua ni protini moja katika sehemu moja. Karibu matumaini yote nitakayokueleza chini yanasimama juu ya ukweli huo.

Na katika nchi yenye homa nyingi kama yetu kuna jambo jingine la otoferlini ambalo wazazi na walimu wangelijua lingesaidia. Kuna mabadiliko fulani ya jeni hii ambayo hayaiui protini, huidhoofisha tu. Wenye nayo husikia karibu kawaida wakiwa na afya, lakini homa ikipanda usikivu unaanguka, wengine wanakuwa viziwi kabisa, na homa ikishuka wanarudi kama walivyokuwa. Protini dhaifu haivumilii joto. Mtoto wa namna hiyo huambiwa ana kiburi, au hudhaniwa ameharibiwa na sindano ya malaria. Nisieleweke vibaya: kwinini kwa kipimo kikubwa inaweza kugusa usikivu, na jentamaisini inaweza kuharibu seli zenye vinyweleo moja kwa moja, bila kurudi. Lakini usikivu unaoondoka na homa na kurudi baada ya homa, tena zaidi ya mara moja, unastahili kupimwa na mtaalamu homa ikiwa ingalipo, na tena ikishapita.

Sasa kosa ni la nani. Dada yangu, kosa halipo. Najua jibu hili halitoshi mbele ya mavyaa, basi chukua hesabu yenyewe.

Kila mtu ana nakala mbili za jeni ya otoferlini, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja nzima yatosha kusikia vizuri maisha yote. Ndiyo maana wewe unasikia, na mumeo anasikia, ingawa kila mmoja wenu amebeba nakala moja yenye kasoro. Mtoto huwa kiziwi anapopokea nakala yenye kasoro kutoka kwa wote wawili. Hawezi kuipata kwako peke yako. Jibu la damu linasema badiliko ni lilelile katika nakala zote mbili, kwa hiyo nusu imetoka kwako na nusu imetoka kwa mumeo, sawa kwa sawa.

Imewafikiaje nyote wawili? Mumeo ni mtoto wa ami yako, yaani baba yako na baba yake ni ndugu. Uwezekano mkubwa ni kwamba babu yenu au bibi yenu mzaa baba alibeba nakala moja ya aina hiyo bila kujua, akasikia vizuri mpaka uzeeni, akairithisha kwa wanawe wawili, nao wakairithisha kwenu. Mavyaa anasema kweli kwamba hakujazaliwa kiziwi. Jeni ya namna hii hupita vizazi kimya kimya, ikashuka kutoka kwa anayesikia kwenda kwa anayesikia, mpaka siku nakala mbili zikutane. Na yeye mwenyewe, ikiwa si wa ukoo wa babu yenu, huenda hana sehemu yoyote katika hili, kama mama yako naye alivyo hana. Mwambie hivyo kwa upole. Mara nyingi maneno makali ya mama mkwe ni hofu yake kwamba yeye au mwanawe atalaumiwa, na akishajua kwamba hakuna wa kulaumiwa hupoa.

Kuhusu ndoa za binamu nasema bila kuficha, na bila kumdharau mtu. Pwani yetu tunaoana ndugu, ni halali, na watoto wengi wa ndoa hizo huzaliwa wazima. Kinachoongezeka ni nafasi ya jeni zilizofichika kukutana, kwa kuwa binamu wa kwanza hushirikiana kiasi cha sehemu moja kwa nane ya urithi wao. Otoferlini huwapata pia watoto wa wazazi wasiohusiana kabisa. Uhispania lipo badiliko moja la jeni hii lililoenea kiasi cha kutafutwa kwa kawaida kwa watoto viziwi. Kwa hiyo asije mtu akakwambia ndoa yako ndiyo iliyomfanya mtoto kiziwi, au akakuandama mkaachane. Jambo la maana ni mjue hesabu ya mbele: kila mimba, peke yake, ina nafasi moja kwa nne ya mtoto kiziwi kwa sababu hii, nafasi mbili kwa nne ya mtoto anayesikia na kubeba, na moja kwa nne ya mtoto asiyebeba. Kuwa na mmoja kiziwi hakupunguzi wala hakuongezi nafasi ya anayefuata. Binti yako mkubwa anasikia, basi uwezekano ni theluthi mbili kwamba amebeba nakala moja. Hilo halimdhuru. Siku ya kuposwa, hasa akiposwa na mtu wa ukoo, wote wawili wanaweza kupimwa kwanza, kwa kuwa sasa badiliko lenu linajulikana kwa herufi zake.

Na ukijaaliwa mwingine, usikubali apimwe kwa kidude cha mwangwi peke yake. Sema tangu mapema, kabla ya kujifungua, kwamba mnataka kipimo cha shina la ubongo.

Tuje kwenye China. Ulilolisoma ni kweli, na ni jambo kubwa. Kwa muda mrefu tatizo lilikuwa ukubwa wa jeni. Dawa za namna hii hubebwa na virusi kidogo kisicholeta ugonjwa, na virusi hicho hubeba urefu wa herufi 4,700 hivi za jeni. Jeni ya otoferlini inahitaji kama 6,000. Wataalamu wakaikata vipande viwili, kila kipande wakakitia katika virusi chake, vyote viwili vikaingia katika seli moja na kuungana humo. Mwaka 2019 ilifanya kazi kwa panya. Mwezi Desemba 2022 mtoto wa kwanza akatiwa dawa hiyo Shanghai, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Fudan, chini ya daktari Shu Yilai. Matokeo ya watoto sita yalichapishwa Januari 2024: kila mmoja alitiwa dawa sikio moja, na watano kati ya sita walianza kusikia ndani ya miezi sita. Baadaye wakatibiwa watoto masikio yote mawili. Majaribio mengine yamefanyika Marekani, Uingereza na Uhispania. Mwaka 2025 yakatoka matokeo ya wagonjwa kumi wa kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi karibu miaka 24. Kwa wastani, sauti ndogo kabisa waliyoweza kuisikia ilishuka kutoka desibeli 106 hadi 52. Mazungumzo ya kawaida ni kama desibeli 60. Waliotoka kutosikia hata mngurumo wa lori sasa walisikia mtu akizungumza nao karibu.

Mimi nimefanya kazi ya masikio maisha yangu yote ya utu uzima, na nilipoyasoma matokeo yale nililia. Sikudhani ningeyaona.

Hata hivyo nakuomba usisubiri.

Sikiliza sababu. Katika majaribio hayo yupo kijana aliyezaliwa Moroko, akatibiwa Philadelphia mwezi Oktoba 2023 akiwa na miaka 11. Alianza kusikia: magari, sauti ya baba yake, mkasi ukikata nywele. Lakini madaktari walitahadharisha kwamba huenda asijifunze kusema kamwe, kwa kuwa alifikia umri huo bila kupata lugha ya kusemwa, na ubongo una miaka yake ya kuifungua njia hiyo. Nayo ni ile miaka ya mwanzo, mpaka mitano hivi. Mwanao yumo ndani ya miaka hiyo sasa hivi. Seli zake za sikio zinaweza kubaki hai kwa miaka, tiba ikaja kumkuta akiwa na miaka saba au kumi na bado ikamfaa sikio. Njia ya lugha katika ubongo haitamngoja hivyo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa anayeumia ni mtoto asiyeweza kulalamika.

Kuna kinachoweza kufanyika leo. Vifaa vya kawaida vya kuvaa sikioni, vinavyokuza sauti, huwa havimsaidii sana mtoto wa otoferlini, kwa kuwa hukuza kile kinachofika kwenye seli, na tatizo ni kinachotoka kwenye seli. Huenda madaktari wakataka avijaribu kwa miezi michache. Kubali, lakini muulize watapima nini na lini, isiwe mwaka umepita. Kinachofaa zaidi ni kifaa cha kupandikizwa ndani ya koklea. Hicho huziruka seli zote na kuigutusha neva moja kwa moja kwa umeme, na kwa kuwa neva ya watoto wa otoferlini kwa kawaida ni nzima, wao ni miongoni mwa wanaonufaika vizuri na upasuaji huo. Nairobi unafanywa. Gharama inahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, sitakuficha, na upasuaji ni mwanzo tu: baada yake kuna kukirekebisha kifaa mara kwa mara, betri, vipuri, na miezi mingi ya kumzoesha mtoto kuielewa sauti. Kabla hamjachangisha hata shilingi moja, ulizeni gharama ya miaka mitano mbele, si ya siku ya upasuaji. Nimeona familia zikimaliza kila walichonacho kwenye upasuaji, kisha kifaa kikakaa kabatini kwa kukosa kipuri, na inauma.

Wengine huuliza, tukimpandikiza kifaa si tumemfungia mlango wa dawa ya jeni? Kwa kawaida majaribio hutaka sikio litakalotiwa dawa liwe halina kifaa. Lakini masikio ni mawili. Mtoto mmoja wa Uingereza, aliyetibiwa Cambridge mwaka 2023 kabla hajatimiza mwaka, alitiwa dawa sikio moja na kifaa sikio la pili. Kwa hiyo kuna njia ya kati, kumpandikiza upande mmoja na kuuacha wa pili. Si uamuzi mwepesi, maana masikio mawili ni bora kuliko moja kwa mtoto anayejifunza kusema. Liweke mbele ya daktari wa upasuaji kwa maneno hayohayo, umwambie una jibu la otoferlini mkononi. Jibu hilo linabadilisha mazungumzo.

Lugha ya alama nimeiweka mwisho kwa kuwa ndiyo ninayokutaka uianze kabla ya yote, wiki hii, kabla ya safari ya Nairobi na kabla ya mchango wowote. Waliokwambia itamfanya mvivu wa kusema wamekosea, na kosa hilo limewagharimu watoto wengi sana. Lugha huulisha ubongo, na ubongo haujali kama imeingia kwa sikio au kwa jicho. Mtoto mwenye alama anajua vitu vina majina, anajua kuuliza, kukataa, kueleza maumivu yake, kusimulia jana. Siku akipata sauti, anakuja nayo akiwa tayari mtu wa lugha, akitafuta tu umbo jipya la mambo anayoyajua. Asiye na alama wala sauti anakuja mikono mitupu. Na kama sauti isipokuja, iwe kwa gharama au kwa majaliwa, mwanao hatakuwa amepoteza utoto wake akingojea. Atakuwa na lugha kamili, yenye sarufi yake, iliyotajwa katika Katiba ya Kenya ya 2010 na kutumika bungeni.

Usimfundishe peke yako. Alama anazozijua mama tu ni gereza la watu wawili. Dada yake ajifunze, baba yake ajifunze, na mavyaa pia, hata kama ni alama za chakula, maji, njoo, nakupenda, inauma. Kwa nyumba ya Mji wa Kale yenye watu wengi hilo ni bahati yake: kila anayepita sebuleni ni mwalimu. Tafuteni watu wazima viziwi waje nyumbani, au mwende kwao. Hakuna anayefundisha lugha hiyo kuliko anayeiishi, na mtoto anahitaji kumwona mtu mzima kiziwi anayefanya kazi, aliyeoa, mwenye watoto wake. Kwa shule, Pwani ina shule za viziwi, ikiwemo ile ya Kibarani, Kilifi. Muda wake haujafika, lakini walimu wao huweza kuwaelekeza wazazi tangu mapema. Mpelekeni pia kituo cha serikali cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, na mumsajili kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Makaratasi haya yanachosha, nakiri, lakini milango ya misaada mingi huanzia hapo.

Neno kwa wengine mtakaokimbilia hospitali na makala haya mkononi. Otoferlini ni sababu ya sehemu ndogo tu ya uziwi wa kuzaliwa. Zipo jeni nyingi nyingine. Ghana, katika kijiji cha Adamorobe, uziwi wa vizazi vingi umetokana na badiliko la protini iitwayo koneksini 26, na dawa ya otoferlini haihusiani nayo hata chembe. Na kwetu kuna watoto wengi ambao hawakuzaliwa viziwi, walipata homa ya uti wa mgongo, au surua, au usaha wa masikio ulioachwa bila tiba. Kwa hao la kwanza ni kujua sababu, na kwa wengine wao usikivu ungeokolewa kwa chanjo au kwa daktari aliyeonwa mapema.

Kwako wewe, dada yangu, kabla hujaenda kwa daktari wa upasuaji: toa nakala za vipimo vyote viwili na za jibu la damu, hasa ukurasa wenye herufi na namba za badiliko lenyewe. Uliza kama wewe na mumeo mnaweza kupimwa kuthibitisha kwamba kila mmoja amebeba. Omba kipimo cha mwangwi kirudiwe sasa, maana kwa baadhi ya watoto seli za nje hudhoofika kadiri miaka inavyopita, na daktari atataka kujua zikoje leo. Omba na picha ya sikio la ndani na neva yake. Nenda na mumeo, na mavyaa akikubali nenda naye, asikie mwenyewe kwa mtaalamu kuhusu nakala mbili. Ukishapewa tarehe niandikie, unieleze na majibu ya mwangwi, tuyatazame pamoja.